Ukurasa wa Fundi wa Maturubai

"Ulimwona kwa macho yako akipiga magoti?"

Aliyeniuliza alikuwa amesimama kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, nyuma ya nyumba yake kule Iyula. Mkono mmoja ulikuwa umefumbata punje mbovu alizokuwa akizichambua, mwingine umeshika daftari langu la michoro. Alikuwa dada wa rafiki yangu wa chuo, na mimi nilikuwa mgeni wake wa siku ya tatu. Swali lake lilitaka ndiyo au hapana, basi. Mimi niliyekuwa na swali kwa kila mtu sikuweza kulijibu.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nilisomea sosholojia, kazi sikupata, na nyumbani Morogoro walikuwa wameshanichoka. Nilikuwa siwezi kukaa na jambo mpaka nijue sababu yake. Nilimuuliza mjomba kwa nini mahari apokee yeye na si mama aliyenilea. Nilimuuliza mchungaji kwa nini wanawake ndio wanaofagia kanisa na wanaume ndio wanaokaa kwenye kamati ya usafi. Watu walianza kunikwepa mezani. Rafiki yangu, aliyezaliwa Iyula, akanishauri niende kwa dada yake msimu wa kahawa.

"Kachume," akasema. "Mikono ikichoka labda na mdomo utapumzika. Ila tafadhali, usiende kuwahoji watu wa kwetu."

"Sitahoji mtu. Nitachora tu."

Nilikuwa nachora tangu sekondari. Kwa safari hiyo nilinunua daftari jipya lenye jalada gumu, na kwenye ukurasa wa kwanza nikajiandikia sheria: *Nilichokiona tu.* Sikutaka machweo wala milima ya kupendezesha. Nilitaka vitu ambavyo watu hupita bila kuvitazama, na nilitaka kuvichora jinsi vilivyo. Nilijiona mkweli kuliko watu wenye simu, wanaochagua picha moja katika ishirini.

Kabla ya Iyula nilikaa Tunduma siku nne, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuona mpaka. Ilikuwa Julai, baridi na upepo wenye vumbi, watu wote wamejifunga masweta. Nilichora dereva wa lori akijinyoa kwa kioo cha pembeni, povu shavuni, foleni haijasogea tangu asubuhi. Nilichora mwanamke aliyevuka kutoka upande wa Zambia na vyandarua vya kuuza begani, akasalimia "Mulishani" kwa wauza viatu waliokuwa wakimtania kwa Kiswahili. Nilichora paka aliyelala juu ya gunia la mchele huku mwenye duka akichota mchele pembeni yake bila kumwamsha. Kila nilipomaliza ukurasa nilisikia raha fulani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Siku ya tatu nilimwona fundi.

Alikuwa amekaa kando ya barabara, juu ya turubai la lori lililotandazwa chini kama uwanja. Maturubai yanayofunika mizigo huchanika kwa upepo na kwa kamba, na kabla ya kuvuka lazima yashonwe, la sivyo mvua za huko waendako zitaingia. Alishona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kiganjani amefunga kipande cha ngozi cha kuisukumia. Shazia ya akiba alikuwa ameichomeka kwenye sweta, juu ya moyo. Alikalia mguu wa kushoto na kunyoosha wa kulia. Sweta lake lilikuwa la kufumwa kwa mkono, lenye mstari wa mawimbi kifuani, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, ameukunja mara mbili.

Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza vocha, nikamchora kwa karibu saa nzima. Ndio mchoro bora niliowahi kufanya. Mpaka uzi ulivyopinda ulipotoka kwenye tundu niliupata.

Nilipokuwa namalizia, mama lishe akaja na chakula chake. Alikuwa na beseni lenye sahani iliyofunikwa mkono mmoja na jagi la maji mkono wa pili. Fundi akavua ile ngozi, akakinga mikono juu ya beseni, yule mama akamnawisha. Ilikuwa dakika moja au chini ya hapo. Lori lilikuwa linapita polepole katikati yetu na nilimwona vipandevipande, kati ya matairi na baada ya matairi. Niliwahi kichwa chenye kilemba, kwa nyuma, uso haukuonekana. Niliwahi mabega, mikono miwili, jagi na mstari wa maji. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikupata kitu. Lori lilipokwisha kupita, alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo nilirudi gesti na mchoro wa fundi kamili na nusu ya mwanamke inayoelea hewani.

Hapa lazima nieleze jambo lililokuwa linanichemsha siku zile. Tangu nifike nilikuwa nimeona magoti kila mahali. Binti wa gesti alipompelekea maji ya kunawa mjomba wa mwenye nyumba, alipiga magoti. Sokoni mwanamke mwenye ndoo kichwani alikunja goti kumsalimia mzee, ndoo haikumwagika. Kwetu pia yapo, lakini si kwa wingi ule, au labda kwetu nilikuwa nimezoea kutoyaona. Nilikuwa nimeshatunga hotuba nzima kichwani kuhusu magoti ya wanawake, nani anayapiga, mbele ya nani, na kwa nini hayapigwi kuelekea upande wa pili.

Asubuhi iliyofuata, nikisubiri chai, nilifungua daftari. Ile nusu ya mwanamke ilinikera. Siwezi kusema penseli ilikwenda yenyewe. Niliipeleka mimi. Nilimkunja magoti yote mawili juu ya turubai, khanga imebana mapajani, visigino vimetokeza nyuma. Mchoro ukakamilika papo hapo. Mwanamume ameketi, mwanamke amepiga magoti, maji yanashuka kati yao. Nikaona hotuba yangu yote imo kwenye ukurasa mmoja bila neno hata moja. Binti akaleta chai na chapati, nikamwonyesha.

"Mzuri," akasema. "Huyu ni mkewe?"

"Hapana, anamuuzia chakula."

Aliutazama tena, akanirudishia daftari, akaenda zake. Alikuwa na kazi, nami nikadhani hana la kusema.

Iyula nilifika siku iliyofuata jioni, jua bado lipo. Dada wa rafiki yangu alikuja kunipokea kituoni na binti yake wa miaka kumi na mmoja, wakagombea begi langu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma kuna vichanja viwili na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Kahawa yenyewe ilianzia hatua chache kutoka jikoni na kuteremka bondeni. Ilikuwa imeiva, miti imejaa nyekundu.

Chakula kilipokuwa tayari alileta jagi na beseni, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, tafadhali, usinipigie magoti. Mimi mdogo kwako."

"Wewe mgeni. Kinga mikono."

"Nitanawa mwenyewe."

"Nyanyua beseni basi ukanawe mwenyewe, kisha urudi kwenu ukaseme Iyula hawajui kunawisha." Binti akacheka. Nikakinga mikono.

Sikuweza kuliacha. "Na hotelini je? Mhudumu akikuletea maji, naye apige magoti?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza maji yana mifupa mingapi. "Hotelini nani akupigie? Kule umenunua chakula. Magoti ni ya nyumbani, mdogo wangu. Unampigia mgeni wako, mkwe wako, mume wako. Mwanamke akimpigia magoti mwanamume asiye wake barabarani, watu watauliza."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili. Nililichukua kama hoja ya kubishana baadaye. Daftari lilikuwa ndani ya begi, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Siku ile ya kwanza nilijua pia kwamba mume wake hayupo. Alikuwa Tunduma kwa kazi, kama kila mwaka kati ya kuvuna mahindi na kuchuma kahawa. Mwaka huo alichelewa. Alipiga simu Jumapili baada ya ibada, akasema amebakiza kazi ya lori moja, atafika katikati ya wiki. Ilikuwa mara ya tatu kusema hivyo. Nilimsikia dada akimjibu, "Kahawa haikusubiri wewe, inadondoka," kisha akaongea Kinyiha kwa sauti ya chini, na nilielewa sauti bila kuelewa maneno. Alipokata simu alisema, kama mzaha, "Tunduma inawapenda sana waume za watu." Majirani zake wawili, waume zao walikwenda huko na hawakurudi vilevile. Hilo lilikuwa linamla. Alichuma tangu alfajiri, akamenya jioni, na kila pikipiki iliposikika barabarani alinyanyua kichwa.

Hakuniambia mume wake anafanya kazi gani, nami, mwulizaji mkuu, sikuuliza.

Siku ya tatu, mchana, tulikuwa tunachambua kahawa kichanjani. Ni kazi ya vidole. Unageuza punje zinazokauka, unatoa zilizokatwa na mashine, zilizotobolewa na wadudu, zilizobaki na ganda. Binti alichoka, akaomba kuona daftari langu. Nikampa. Alimcheka dereva mwenye povu, alimpenda paka. Halafu akapiga kelele ndogo.

"Mama, njoo uone. Baba!"

Nilicheka. Nilidhani amefananisha.

"Baba kweli. Sweta hili hapa. Na mkono wake ule."

Dada akaja akijipangusia mikono kwenye kitenge. Alipoona, uso wake ulifunguka, sijawahi kuona mtu akifurahia mchoro wangu namna ile. "Jamani. Ni yeye. Ona anavyokalia mguu. Namwambia kila siku utakufa ganzi." Akagusa sweta kwenye karatasi kwa kidole. "Na mkono huu umenifuata mpaka huku. Nilihesabu vibaya nilipofuma, nikaona uvivu kufumua. Mdogo wangu, umekiona mpaka kichekesho changu?"

Nilijaa sifa. Kwa muda mfupi ule nilikuwa msanii aliyemletea mwanamke mume wake kutoka kilomita nyingi. Niliongea haraka, nikaeleza benchi la muuza vocha, ngozi ya kiganjani, jinsi nilivyopata uzi.

Yeye alikuwa ameacha kunisikiliza. Kidole kilikuwa kimesogea upande wa pili wa ukurasa.

"Huyu ni nani?"

"Nani? A, huyo, ni mama lishe."

"Mama lishe," akasema. Akamwambia binti akaangalie kama kuku wameingia jikoni. Binti alipoondoka, ndipo akaniuliza lile swali.

"Ulimwona kwa macho yako akipiga magoti?"

Nilijua jibu. Si kweli kwamba nilikuwa nimesahau. Zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu nilipoyachora yale magoti nikisubiri chapati. Lakini kusema hapana kulimaanisha kusema kwamba mchoro wangu bora ni wa uongo, mbele ya mtu aliyekuwa ameusifu dakika mbili zilizopita. Kulimaanisha kueleza kwa nini niliyaongeza, yaani kumwambia mwanamke aliyenipigia magoti siku tatu kwamba magoti yake nilikuwa nimeyafanya hotuba. Na sheria yangu ilikuwa pale pale kwenye ukurasa wa kwanza, angeweza kufunua na kuisoma.

"Nilichora nilichokiona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja. Akafunga daftari, akanirudishia, akaendelea kuchambua kahawa. Kisha alisema, "Zile pale zina ganda bado, zitoe," na nikazitoa.

Jioni alininawisha kama kawaida, magoti chini, jagi mkononi. Sikuthubutu kumwambia asipige.

Asubuhi, nilipokuwa nafunga begi kwenda Mbebe, ambako nilikuwa nimepanga kuchora wakulima wa milimani, alikuja mlangoni.

"Lile karatasi la baba wa mtoto. Unaweza kunipa?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema yote pale pale, watoto wa jirani wakipita na madumu ya maji, ingekuwa aibu ya dakika tano. Badala yake nilichukua wembe na kuukata ukurasa vizuri, usichanike. Na kwa sababu msanii akitoa kazi huwa anafanya hivyo, nikaweka sahihi yangu pembeni. Hilo la sahihi ndilo linalonirudia nikiwa natembea au nafua nguo, na nikilikumbuka husimama.

Mbebe nilichora siku mbili bila kupata kitu. Siku ya tatu rafiki yangu akanipigia.

"Ulichora nini kwa dada yangu?"

"Picha tu. Kwani vipi?"

"Amechukua mtoto amekwenda Ihanda kwa wazazi. Ameacha kahawa mtini. Shemeji amefika juzi amekuta kufuli, anapiga simu hazipokelewi. Nasikia kuna picha."

Mtandao wa kule ulikuwa unakatika, na ulikatika. Nilifurahi ulipokatika. Nilikaa kwenye jiwe na simu mkononi karibu saa nzima, kisha nikamwandikia dada ujumbe. Niliufuta na kuuandika mara nyingi, na kila mara ulizidi kuwa mfupi. Mwishowe niliotuma ulisema hivi: *Dada, kuhusu ule mchoro, lori lilikuwa linapita, labda magoti sikuyaona vizuri.*

Jibu lilikuja jioni.

*Uliona shazia. Uliona mkono wa sweta niliokosea mimi. Magoti tu ndiyo hukuyaona vizuri? Asante kwa kutaka kunipoza mdogo wangu.*

Alidhani namhurumia. Ukweli wangu wa nusu ulifika kwake kama uongo wa upole, na wala sikumsahihisha. Nilijiambia watayamaliza wenyewe, ni watu wazima. Nikarudi Morogoro.

Yaliyotokea Ihanda niliyapata kwa rafiki yangu, kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa amepoa kwangu. Familia mbili zilikaa kikao. Mchoro ulipitishwa mkono kwa mkono, wajomba wakauweka mbali na macho na kuusogeza karibu. Shemeji alipofikiwa aliutazama kwa muda mrefu. Alikubali sweta, alikubali shazia, alikubali hata turubai lenyewe, akasema lilikuwa la lori la mizigo ya saruji. Wakamuuliza, huyu anayekupigia magoti ni nani? Akasema hamjui. Wakamuuliza, si huyo mama lishe unayesema unakula kwake? Rafiki yangu anasema hapo wote walitega sikio, kwa kuwa walikuwa wamemfungulia mlango wa kutokea. Angesema ndiyo, wangemlaumu kwa kuzoeana na muuza chakula, wangemtoza kuku, yangeisha.

Akasema, "Hapana. Yule mama namjua, na huyu siye. Huyu simjui kabisa. Kila kitu kwenye karatasi hili ni changu, isipokuwa huyu."

Basi ikawa yupo mwanamke mwingine. Wazee hawakumuuliza amejuaje kwamba siye, wakati uso hauonekani. Waliona mtu anayekana mbele ya picha, na picha ina sahihi ya msomi asiye na ugomvi na mtu yeyote.

Dada alikaa Ihanda wiki saba. Shemeji alitafuta vibarua wa kuchuma, lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshakaukia mtini, nyeusi, ya kuokota chini. Hakwenda tena Tunduma, mwaka ule wala uliofuata. Aliuza vifaa vyake vya kushonea. Dada alirudi nyumbani kwa sababu ya mtoto na shule. Wanaishi pamoja mpaka leo, wanalima, wanakwenda kanisani benchi moja. Ila chakula kikiwa tayari, anasema rafiki yangu, dada huweka jagi na beseni chini karibu na kiti cha mumewe, kisha huenda zake jikoni, na mwanamume hujimiminia maji, mkono huu kisha mkono huu.

"Wewe si ulikuwa hupendi magoti?" rafiki yangu aliniambia siku aliyonisimulia hilo. Hakuwa anatania.

Nilipata kazi, nikahama, nikaendelea kuchora kwa muda kisha nikaacha. Na polepole nikaanza kufanya jambo ambalo ningemcheka mtu mwingine akilifanya. Nilianza kujiuliza kama kweli sikumwona akipiga magoti. Huenda nilimwona kati ya tairi na tairi, na mkono ukakumbuka asubuhi kile ambacho jicho lilikiona mchana. Akili ina mambo yake, nilijiambia, tulisoma. Mtu asiyemwamini mchungaji wala mjomba nilianza kuiamini penseli yangu, kwa kuwa ilinifaa. Kuna miezi niliishi vizuri tu ndani ya ile huenda.

Haya ninayoyaandika nitayapeleka Iyula mimi mwenyewe, ayasome dada kabla ya mtu mwingine, kisha aamue kama niingie ndani. Ningeweza kuyaandika zamani. Lakini nilisubiri mpaka nilipotumwa Tunduma kikazi, miaka minne baada ya safari ile, nikaenda kutafuta benchi la muuza vocha.

Benchi halikuwepo. Malori yalikuwepo. Ng'ambo, chini ya kibanda cha bati, mama lishe alikuwepo, amekaa kwenye stuli nyuma ya masufuria yake. Kilemba kilikuwa kingine, lakini mabega niliyajua kabla sijavuka barabara, nilishawahi kuyachora. Nikaagiza wali maharage na kukaa.

"Mama, kulikuwa na fundi maturubai hapa, miaka ile. Mtu wa Iyula."

"Mwenye sweta? Yule aliacha kuja. Alikula kwangu misimu mitatu, mtu mpole sana, hata chumvi ikizidi hasemi." Akapakua huku anaongea. "Nilisikia mkewe alimkimbia, eti ana mwanamke hapa mjini. Nikashangaa. Mwanamke gani huyo mimi nisimwone, na mimi nakaa hapa tangu asubuhi mpaka jioni? Lakini wanaume, mwanangu, utawajulia wapi."

Alishika jagi na beseni, akanyanyuka kwa kujisukuma na mkono mmoja mezani, akaja upande wangu kuninawisha. Aliinama kuanzia kiunoni, mguu wa kushoto ameukunja kidogo, wa kulia ameupeleka nyuma, umenyooka kama mpini.

Aliona ninapotazama.

"Huo usikutishe. Ulivunjika nikiwa darasa la kwanza, ukaungwa kienyeji, ukakauka hivyo hivyo. Kinga mikono."

Nikakinga mikono, akamimina. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Goti lake la kulia halijakunjika tangu akiwa na miaka saba, na kila fundi, dereva na muuza duka aliyewahi kula kwake alikuwa analijua hilo.